Kutoka Tezini hadi Saiba: Asili na Maana ya Kiambishi cyber-

(Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya walimu, wanafunzi, wanahabari na watumishi wa umma)

Mada yangu ni kiambishi kimoja cha lugha ya Kiingereza. Ni silabi mbili tu, lakini zimesafiri miaka elfu mbili na zaidi, na leo zimeandikwa juu ya milango ya maduka katika mitaa yetu.

Kiambishi chenyewe ni cyber-, ambacho sisi tumezoea kukitamka saiba. Nimekuja kueleza kilikotoka, kuonyesha jinsi maana yake ilivyobadilika, na kutetea rai moja. Rai yangu ni kwamba ndani ya asili ya kiambishi hiki mna swali linalomhusu kila mtumiaji wa mtandao, kila mtunga sheria na kila mwenye duka la saiba: usukani umeshikwa na nani, na huyo aliyeushika anaona chombo kinakoelekea? Nitapanga maelezo yangu katika hoja tano.

Hoja ya kwanza: Neno lilianzia tezini

Katika Kigiriki cha kale, mtu aliyekaa tezini akiongoza chombo aliitwa kybernetes, na kitenzi cha kazi yake kilikuwa kybernan. Hapa Mombasa sina haja ya kufafanua sana. Wazee wa vyombo walimtofautisha nahodha mwenye amri na mshika usukani, serahangi na mabaharia wengine, na walijua kwamba mshika usukani hatumii mikono peke yake. Hutazama tanga, mkondo na nyota, akasogeza usukani kidogo, akaangalia chombo kimeitika vipi, kisha akasogeza tena. Naomba mlishike hilo la kusogeza, kuangalia na kusogeza tena, kwa sababu tutalihitaji hadi mwisho.

Wagiriki wenyewe walilitoa neno hili baharini mapema wakalipeleka kwenye siasa. Katika kitabu cha sita cha Jamhuri, mwanafalsafa Plato anaeleza habari za meli ambayo mabaharia wake wanagombania usukani. Kila mmoja anadai ni haki yake, na wote wanakana kwamba kuongoza chombo ni elimu ya kujifunza. Anayejua majira, nyota na pepo wanamwona mpiga soga asiye na faida. Sisi tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali yetu inaonya juu ya wingi wa manahodha. Plato anaongeza onyo juu ya ujinga wao.

Wakristo mlio hapa mmelipita neno hili pengine bila kulitambua. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Paulo anasafirishwa kwenda Roma akiwa mfungwa, na mwongoza merikebu anaitwa kybernetes katika matini ya Kigiriki. Na katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, 12:28, pale Paulo anapoorodhesha karama za kanisa, neno la ukoo huohuo limetumika, na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili wakachagua kuliita maongozi. Walilipatia barabara.

Warumi walilichukua neno hilo nao, wakageuza k kuwa g, wakapata gubernare, yaani kuongoza chombo, na baadaye kuongoza watu. Kutoka Kilatini likaingia Kifaransa, na kutoka Kifaransa likavuka hadi Uingereza baada ya utawala wa Wanormani. Huko likazaa maneno ya Kiingereza ya kutawala, serikali na mtawala: govern, government, governor. Hilo la mwisho tunalo sisi pia. Tulilijua kwa magavana wa kikoloni, tunalisikia kwa Gavana wa Benki Kuu, na nchini Kenya, tangu uchaguzi wa Machi 2013, tunao magavana 47 wa kaunti.

Basi ndugu zangu, gavana na saiba ni wajukuu wa babu mmoja. Mmoja alipitia Roma na Ufaransa, akafika kwetu akiwa amevaa mamlaka. Mwingine alibaki katika vitabu vya Kigiriki hadi wanasayansi walipomwita.

Hoja ya pili: Usukani uliingia ndani ya mashine

Mwaka 1788 James Watt, fundi wa mashine za mvuke, aliweka kwenye injini zake kifaa chenye tufe mbili za chuma zinazozunguka. Injini ikienda kasi mno, tufe hutanuka kwenda nje, na mtambo wake huziba njia ya mvuke kidogo. Injini ikipunguza mwendo, tufe hushuka na njia ya mvuke hufunguka. Watt hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, maana vinu vya kusagia vilikuwa na vifaa vya namna hiyo kabla yake. Lakini kuanzia hapo mashine ya mvuke iliweza kujirekebisha bila mtu kusimama kando yake. Waingereza wakakiita kifaa hicho governor, jina lilelile la mtawala wa watu. Miaka 80 baadaye, mwaka 1868, mwanafizikia James Clerk Maxwell aliandika makala ya hisabati kueleza ni lini vifaa hivyo hutulia na ni lini huyumba.

Msidhani hayo ni ya Ulaya ya zamani. Februari 2004, Waziri John Michuki alipoanza kusimamia kanuni mpya za matatu nchini Kenya, kila gari lilitakiwa kuwa na mikanda ya abiria na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Jina la Kiingereza la kidhibiti mwendo hicho ni hilohilo: governor. Kwa hiyo abiria wa Likoni na wa Kisauni walisafiri na jamaa wa Kigiriki chini ya boneti.

Mwaka 1834 Mfaransa André-Marie Ampère, ambaye jina lake tunalitaja kila tunapopima umeme, alikuwa akipanga matawi yote ya elimu. Sayansi ya kutawala watu aliipa jina cybernétique. Halikupata wafuasi wengi. Aliyelifufua kwa nguvu ni Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani aliyefundisha MIT.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wiener na mhandisi Julian Bigelow walipewa kazi ya kusaidia mizinga kulenga ndege. Ndege haisubiri risasi, kwa hiyo ni lazima kutabiri itakuwa wapi, kuona kosa, na kurekebisha. Wakagundua kwamba mtambo unaojirekebisha kwa pupa huanza kuyumba huku na huku. Wakamuuliza Arturo Rosenblueth, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Meksiko: je, mwili wa binadamu una ugonjwa wa namna hiyo? Akawajibu kuwa upo. Wagonjwa walioumia sehemu ya nyuma ya ubongo inayoitwa serebelamu, wanaponyoosha mkono kushika kitu, hukipita, hurudi, hukipita tena, na mkono hutetemeka bila kukifikia. Mtambo na mwili vilikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo ndiyo ya mshika usukani: tenda, pokea mrejesho, rekebisha.

Mwaka 1948 Wiener alichapa kitabu cha sayansi hiyo na kukiita Cybernetics. Alieleza wazi kwamba amelitoa jina kwa mshika usukani wa Kigiriki, na kwamba ameliteua pia kwa heshima ya makala ya Maxwell, akijua kuwa governor ni Kigiriki kilichopita katika Kilatini. Hakuishia katika hesabu. Baada ya vita alikataa hadharani kuendelea kusaidia utengenezaji wa silaha, na mwaka 1950 akatoa kitabu kingine akiuliza mashine zitamfanya nini binadamu. Nawaomba vijana mkumbuke hilo: aliyetupa neno hili alikuwa na dhamira, na tangu mwanzo aliuliza nani ataongoza.

Hoja ya tatu: Kiambishi kilipatikana kwa kukatwa

Sasa turudi kwenye isimu. Kwa Mgiriki hapakuwa na kiambishi cyber-. Shina la neno lake ni kybern-, na n ni sehemu ya shina. Waliokata baada ya r walikata pasipostahili. Lakini lugha hai hukata zinapotaka. Neno helikopta liliundwa kwa helico, yenye maana ya mzunguko, na pter, yenye maana ya bawa. Waingereza wakasikia heli na copter, wakakata hapo, na leo wana vituo na huduma zinazoanza na heli-. Anayesema kuwa hilo ni kosa atakuwa anabishana na mamilioni ya wasemaji, na katika isimu wasemaji ndio mahakama ya mwisho.

Kipande hicho kilipopatikana, kilianza kubebeshwa mizigo mipya. Mwaka 1960 wanasayansi Manfred Clynes na Nathan Kline, wakiwaza namna binadamu atakavyoweza kuishi angani, waliunganisha mwanzo wa cybernetics na mwanzo wa neno la kiumbe hai wakapata cyborg. Hapo usukani bado ulionekana: walizungumzia mwili unaojiongoza kwa msaada wa mitambo.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1982. Mwandishi wa hadithi William Gibson, katika hadithi fupi iliyotoka kwenye jarida la Omni, alitumia neno cyberspace, kisha akalitanua katika riwaya yake Neuromancer ya mwaka 1984. Aliiandika riwaya hiyo kwa taipureta. Gibson amewahi kueleza kuwa alilichagua neno hilo kwa mvuto wa sauti yake, bila kulitafutia maana kamili. Hapo ndipo mshika usukani aliposhuka chomboni. Kabla ya Gibson, kiambishi kilijibu swali la nani anaongoza na kwa njia gani. Baada yake kilijibu swali la wapi: nchi isiyo na ardhi, iliyo ndani ya kompyuta zilizounganishwa. Mwaka 1996 mtetezi wa uhuru wa mtandaoni John Perry Barlow, akiwa Davos, Uswisi, aliandika tangazo la uhuru wa nchi hiyo, akiziambia serikali za dunia kuwa hazina mamlaka humo. Neno lililotoka katika ukoo wa serikali likatumiwa kuikataa serikali!

Hoja ya nne: Kutoka mahali hadi hofu

Hatua iliyofuata inatugusa zaidi. Sikilizeni Kiingereza cha leo kwa makini. Mtu akinunua viatu kwa simu, akisoma shahada kwa simu, akimpigia mamaye aliye Muscat kwa video, mara nyingi hatasikia cyber-. Atasikia maneno mengine ya mtandaoni na ya kidijitali. Lakini akiibiwa, akitishwa, au mtambo wa benki ukivamiwa, kiambishi chetu kinaitwa mara moja. Kimegawiwa upande wa hatari.

Mikataba, matukio na sheria vinashuhudia. Novemba 2001 Baraza la Ulaya lilifungua mkataba wa Budapest juu ya uhalifu wa mtandao. Mwaka 2007 mitambo ya serikali, benki na magazeti ya Estonia ilishambuliwa, na neno vita likaungana na kiambishi. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Kenya ikatunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao mwaka 2018.

Silaumu kuwepo kwa sheria hizo. Matapeli wapo, na walioibiwa akiba zao wana haki ya kulindwa. Nasema hivi: neno likihama kutoka uongozi kwenda hofu, macho ya mtunga sheria huhama pamoja nalo. Tazameni mpangilio wa miaka. Tanzania ilipata sheria ya makosa mwaka 2015, na sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022. Kenya ilipata ya makosa mwaka 2018, na ya kulinda data mwaka 2019. Kote kuwili adhabu ilitangulia, na haki ya mwananchi juu ya taarifa zake ikafuata. Umoja wa Afrika, katika mkataba uliopitishwa Malabo mwaka 2014 na kuanza kutumika Juni 2023, uliviweka pamoja usalama wa mtandao na ulinzi wa data binafsi. Huo ndio utaratibu ninaoutetea.

Hapa yupo atakayenipinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: asili ya neno haihukumu maana yake ya leo. Rubani alikuwa mwongoza meli, na sasa anarusha ndege, na hakuna anayemrudisha majini. Ni kweli, wala simwambii mtu aache kutumia cyber- kwa maana ya mtandao. Ninachosema ni kwamba mambo yenyewe yamerudi yalikoanzia. Programu ya simu inayoamua nani apewe mkopo, nani anyimwe, inaongoza maisha ya watu kwa mrejesho wa taarifa zao, kama Wiener alivyoeleza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mwananchi kinga dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mtambo peke yake, na nafasi ya kuomba uangaliwe upya. Kifungu hicho kinahusu usukani, hata kama hakuna aliyekipa jina hilo.

Hoja ya tano: Kiswahili kilifanya nini

Kiswahili kimelipokea neno hili kwa njia mbili, na zote zina akili.

Njia ya kwanza ni tafsiri. Wafasiri, hasa wa Tanzania, walikiacha kiambishi wakachukua mtandao, neno linalotokana na kutanda. Wakasema usalama wa mtandao, uhalifu wa mtandao. Angalieni sarufi ilivyofanya kazi. Kiswahili hutanguliza jambo kuu na kuleta maelezo nyuma kwa kiunganishi cha -a, kwa hiyo kilichokuwa kichwani mwa neno la Kiingereza kimekwenda nyuma. Msomaji anajua kwanza kuwa habari ni ya usalama, kisha anajua ni usalama wa wapi.

Njia ya pili ni ya Kenya, nayo inanifurahisha kama mwanaisimu. Wenyeji walikichukua kiambishi, wakakiondolea neno lililoambatana nacho, wakakifanya nomino kamili: saiba, saiba hii, saiba zile. Mtu anaaga nyumbani kwa kusema naenda saiba. Ni duka lenye kompyuta, printa na mtu anayejua kurasa za serikali. Watu huenda kuomba nafasi ya chuo, mkopo wa masomo, pasipoti, cheti cha polisi cha tabia njema. Na kila Juni inapokaribia kwisha, foleni huwa ya ritani za kodi.

Nawauliza sasa: katika saiba, nani ameshika usukani? Mara nyingi mteja hukaa pembeni, mhudumu hubofya. Mhudumu ndiye anayefungua akaunti, anayebuni nywila, na pengine anayeiweka katika daftari lake. Wahudumu wengi ni waaminifu, tena wamewafikisha wazee wetu kwenye huduma ambazo wasingezifikia kamwe. Lakini mteja anayetoka na karatasi iliyochapwa, asijue kilichojazwa kwa jina lake wala nywila ya akaunti yake, amesafiri akiwa abiria katika mambo ambayo sheria inamhesabu yeye kuwa ndiye mwenye chombo. Kosa likitokea, ataulizwa yeye.

Hitimisho: Ya kufanya kuanzia sasa

Mheshimiwa Mwenyekiti, nafunga kwa mambo manne ya mbele yetu.

La kwanza ni la wanaistilahi. Nawaomba wataalamu wa mabaraza ya Kiswahili BAKITA na BAKIZA, na wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na wahariri wa magazeti, wasikitafsiri kiambishi hiki kwa neno moja kila mahali. Panapohusu njia na mahali, mtandao unafaa. Panapohusu chombo, tuseme kompyuta. Panapohusu sayansi ya Wiener, tuzungumzie uongozi na mrejesho, maana msamiati huo tayari tunao.

La pili ni la wenye saiba. Mteja abuni nywila yake mwenyewe na aiandike mwenyewe. Asomewe kwa sauti kilichojazwa kabla ya kutumwa, na apewe nakala. Haya hayahitaji sheria mpya wala fedha. Yanahitaji desturi, na desturi huanza na duka moja likaigwa na la pili.

La tatu ni la watunga sheria na sisi tunaowachagua. Kila mswada wenye kiambishi hiki ukija, tuulize maswali mawili kwa pamoja: unamzuia nani asitudhuru, na unampa mwananchi uwezo gani wa kuona na kurekebisha maamuzi yanayomhusu?

La nne ni la walimu. Nyaya za chini ya bahari zilifika pwani hii mwaka 2009, na watoto walioanza shule baada ya hapo sasa ni vijana. Wengi wanajua kutumia kila kilichomo ndani ya simu. Tuwafundishe pia namna programu inavyoamua, data inakokwenda, na namna ya kuunda programu zao wenyewe. Mashine za akili unde zinakuja na maamuzi makubwa kuliko ya mkopo wa simu: ya matibabu, ya ajira, ya mahakama. Nataka wakati huo ukifika, wawepo vijana wa Mombasa, wa Tanga, wa Zanzibar na wa Bujumbura miongoni mwa wanaoziongoza, na nataka wawe wanaweza kujadili uongozi huo kwa Kiswahili, mbele ya hadhara kama hii, na raia wakawaelewa na kuwauliza maswali.

Sasa ni zamu yenu kuniuliza, kunipinga na kunirekebisha.